Je, Yafaa Kumwuliza Tabibu wa Pili?

Mwezi huu twataka kulipima neno moja liulizwalo kwa sauti ndogo katika nyumba nyingi za huku Nyakisasa, baina ya Ngara na Biharamulo. Mzee wa nyumba ameanza kusahau. Hasahau tu mahali alipoweka fimbo yake; amesahau njia ya kisimani aliyoipita tangu utoto, amwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani, auliza neno na kujibiwa, na kabla maji hayajachemka auliza tena neno lile lile. Watoto wake wamempeleka zahanati, wakaambiwa ya kuwa ni uzee, wamrudishe nyumbani. Wamerudi, lakini mioyo yao haikutulia. Basi waulizana: Je, ni haki kwenda kwa tabibu mwingine, au imetupasa kulipokea neno la kwanza na kunyamaza?

Wako wasemao kwamba kuuliza mara ya pili ni kumdharau tabibu wa kwanza. Wako wasemao kwamba ni kukosa saburi mbele ya Mungu. Tena wako wasemao kwamba ni kupoteza mali kwa ajili ya mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi. Maneno haya matatu hayatoki kwa watu wabaya, wala hatutaki kuyacheka. Lakini yatupasa kuyatazama moja moja, maana mtu aweza kutendewa dhuluma nyumbani mwake mwenyewe, na wote waliomdhulumu wakadhani ya kuwa wamefanya adabu.

Kwanza na tujue twasema habari gani. Kila mtu aliyeishi miaka mingi husahau kidogo. Jina la rafiki lampotea asubuhi, na jioni lamrudia. Hilo si jambo la kuogopa. Lakini mtu akisahau mambo ya jana, hata akikumbushwa hayamrudii. Akipotea katika njia za kwao. Akishindwa na kazi aliyoijua tangu ujana, kama kupika ugali au kuhesabu fedha za kahawa. Aliyekuwa mpole akageuka mkali pasipo sababu. Hapo uzee peke yake hautoshi kuwa jibu. Uzee ni hesabu ya miaka. Haueleze kwa nini mzee huyu amepotewa na akili, na jirani yake aliyezaliwa mwaka ule ule angali akihukumu mashauri ya ukoo bila kukosea.

Yuko mgonjwa ambaye ubongo wake hunyauka polepole, kwa ugonjwa uitwao kwa jina la tabibu Mdachi, Alois Alzheimer. Yeye alianza kuuchunguza mwaka 1901 katika mji wa Frankfurt, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye miaka 51 tu. Yaani tangu habari ya ugonjwa huo ilipoanza kuandikwa, imekuwa wazi ya kwamba haufungamani na mvi. Ugonjwa huo hata leo hauna dawa ya kuuondoa. Lakini ziko sababu nyingine zifananazo nao kwa nje, na baadhi yake zina dawa, tena dawa isiyo ya gharama kubwa. Mtu aliyeanguka na kujigonga kichwa, pengine majuma mengi yamepita na wote wamekwisha kusahau, aweza kuwa na damu iliyovia chini ya fuvu, nayo yausonga ubongo. Mwenye upungufu wa vitamini B12, au ambaye tezi ya shingoni haifanyi kazi yake sawasawa, aweza kusahau na kupumbaa. Kaswende ya zamani isiyotibiwa hupanda kichwani baada ya miaka mingi. Virusi vya UKIMWI vyaweza kufanya hivyo hivyo. Pombe ya siku zote, viharusi vidogo vidogo vitokanavyo na shinikizo la damu, dawa za usingizi zilizomezwa pasipo kipimo, huzuni nzito ya mjane ambaye hakuna anayezungumza naye, yote haya huvaa vazi moja. Na katika nchi zenye mbung'o, kama mapori ya upande wa Biharamulo, hatuwezi kuusahau ugonjwa wa malale, ijapokuwa wagonjwa wake siku hizi ni wachache.

Basi mtu mmoja, akimtazama mzee dakika chache kwenye foleni ya watu wengi, atazitengaje sababu hizi kwa macho matupu? Hawezi. Haimaanishi ya kuwa yeye ni mjinga wala mvivu. Hana kipimo mkononi, wala hakupewa habari za nyumbani, na nyuma ya mlango wanamngoja mama wenye watoto wa homa.

Tukiutaja ugonjwa wa malale, twakumbuka habari iliyotokea karibu na kwetu, ng'ambo ya mto Kagera, nayo yatufundisha vizuri kuliko mifano ya mbali. Mwaka 1901 matabibu wa misheni katika hospitali ya Mengo, Albert Cook na ndugu yake Jack, waliwaona Uganda wagonjwa waliobadilika tabia, wakapumbaa, wakasinzia mchana, kisha wakafa. Ugonjwa ukaenea pwani za ziwa Viktoria, na katika miaka iliyofuata ukaua watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1902 wakatumwa wataalamu kutoka Uingereza waje kutafuta chanzo chake. Mmoja wao, Mwitalia kijana aitwaye Castellani, alidhani kwanza ya kuwa chanzo ni bakteria fulani aliowakuta katika miili ya wafu. Alikuwa mtu wa elimu, alikuwa na darubini, na neno lake lilikuwa na sababu. Hata hivyo halikuwa sahihi. Mwishoni mwa mwaka ule ule aliona katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa vijidudu vingine vyenye mkia, viitwavyo tripanosoma. Mwaka 1903 akafika David Bruce, tabibu wa jeshi, aliyewahi kuvijua vijidudu vya namna hiyo katika ng'ombe wa Afrika ya kusini. Wakatazama tena pamoja, wagonjwa wengi zaidi, na ikathibitika ya kuwa hivyo ndivyo viletavyo malale, na ya kuwa mbung'o ndiye avichukuaye.

Tena haikuishia hapo. Bruce alidhani kwamba mbung'o huvichukua vijidudu mdomoni tu, kama mtu achukuavyo tope miguuni. Mwaka 1909 Mdachi Friedrich Kleine, akifanya kazi kando ya ziwa lile lile, upande wa nchi yetu, alionyesha ya kuwa vijidudu hukua kwanza ndani ya mbung'o kwa siku kadhaa, ndipo aambukize. Bruce alipima mwenyewe, akaikubali habari hiyo.

Twaona nini hapa? Twaona ya kwamba elimu ya utabibu yenyewe imejengwa kwa kutazama mara ya pili. Castellani hakudharauliwa kwa sababu Bruce alikuja, wala Bruce hakutukanwa kwa sababu Kleine aliona zaidi. Kama mtu angalisema, "Tabibu amekwisha kunena, asiulizwe tena," watu wangaliendelea kupigana na adui asiyekuwapo, na yule aliyekuwapo akazidi kuua. Ikiwa matabibu wakuu walihitaji jicho la pili, hatuwezi kusema ya kuwa mama wa Nyakisasa asiyejua kusoma hana haki ya kulihitaji.

Sasa tulijibu neno la kwanza, yaani kwamba kuuliza tena ni kumdharau tabibu. Twajibu ya kuwa heshima haiko katika kunyamaza. Mtu aweza kunyamaza mbele ya tabibu, na njiani akamsengenya mpaka nyumbani; hiyo ndiyo dharau. Matabibu wenyewe wamekwisha kulikata neno hili. Chama cha Matabibu wa Dunia, katika tangazo lake la Lisbon, lilipofanyiwa marekebisho mwaka 1995, kilitaja miongoni mwa haki za mgonjwa haki ya kuomba shauri la tabibu mwingine wakati wo wote. Tabibu mwema hachukizwi na hilo, naye hulala vizuri zaidi mwenzake akiithibitisha kazi yake. Lakini njia ya kuomba nayo ina adabu yake. Haifai kutoroka usiku na kwenda hospitali nyingine, na huko kuficha kwamba mzee alikwisha tazamwa. Yafaa kusema waziwazi: "Bwana daktari, twakushukuru. Twaomba utuandikie barua ya rufaa pamoja na majibu ya vipimo, twende akatazamwe na mwingine." Maana tabibu wa pili asiyejua alichokiona wa kwanza ataanza upya gizani, na fedha zitaliwa mara mbili.

Neno la pili lasema ya kuwa ni kukosa saburi. Hapa twatofautisha. Saburi ni kulichukua lile lisiloweza kuondolewa. Lakini nani ajuaye ya kuwa haliwezi kuondolewa, kabla ya kupimwa? Mtu aonaye paa lake lavuja, na nyasi ziko shambani, akaketi chini ya matone akisema kwamba avumilia, hatumwiti mvumilivu. Tena tuseme kweli: mara nyingi tuonapo "saburi" kwa ajili ya mzee, mwenye kusubiri si sisi. Ni yeye atakayepotea porini usiku, au kuungua mekoni. Kuvumilia kwa mgongo wa mwingine ni jambo jepesi mno. Sala na kipimo cha damu havigombani. Hospitali zetu wenyewe, za Ndolage na Nyakahanga, zilijengwa na watu waliosali.

Neno la tatu, la fedha, ndilo zito kuliko yote, wala hatutalipita kwa haraka. Kutoka kwetu mpaka Bugando, mjini Mwanza, ni safari ya siku nzima. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 safari imepungua taabu, maana hapangojwi tena kivuko. Lakini nauli haikuondoka, wala chakula cha njiani, wala malazi ya mwenye kumsindikiza. Pengine mbuzi ni wawili, na ada ya mjukuu yangojewa. Je, amri ya nne yataka tuuze vyote?

Twaona ya kuwa wajibu una kipimo, na kipimo chake ni swali hili: neno la tabibu wa pili laweza kubadili nini? Likiweza kubadili jambo kubwa, basi mbuzi auzwe. Likiwa haliwezi kubadili neno, si dhambi kumbakiza mbuzi. Wala safari ya kwanza haina haja ya kuwa ya mbali. Shauri la pili laweza kupatikana Murgwanza au Rulenge au Biharamulo, mahali ambapo damu, sukari, shinikizo, kaswende na virusi vya UKIMWI hupimwa. Mambo haya ni ya gharama ndogo, nayo yaweza kuzitenga sababu nyingi. Lakini ziko dalili zisizongoja: usahaulifu uliokuja kwa ghafula, au katika siku na majuma machache, mtu aliyeanguka na kuumia kichwa, kichwa kinachouma kila siku na kuzidi, kifafa kilichoanza ukubwani, mwendo uliobadilika, au mkojo usiozuilika pamoja na kusahau, homa, tena mtu ambaye bado hajafika uzeeni. Mwenye hayo yapasa apelekwe upesi, hata hospitali za kanda, Bugando au Chato, apigwe picha ya kichwa. Na wazee wenye miaka 60 na zaidi wasioweza kulipa, Serikali imeagiza watibiwe bure katika vituo vyake. Mwenye haki hiyo asione haya kuidai kwa upole, akiwa na barua ya kijiji chake.

Lakini sasa twataka kuonya upande wa pili, maana kila njema yaweza kupotoshwa. Kuuliza mara ya pili ni jambo moja. Kutangatanga ni jambo lingine. Atafutaye kweli huenda kwa tabibu wa pili akiwa tayari kusikia neno lile lile. Atangatangaye hatafuti kweli, atafuta jibu limpendezalo. Akikosa kwa wa pili huenda kwa wa tatu na wa nne, na mwisho hufika kwa mpiga ramli. Huyo naye hutoa shauri, na shauri lake hupendeza, kwa kuwa halisemi "hatujui" hata mara moja. Lakini tazameni tofauti. Tabibu akisema ni kaswende, damu yaweza kupimwa tena na mtu mwingine, mahali pengine, na kosa likaonekana. Mpiga ramli akisema ni fulani aliyekuroga, hakuna kipimo kiwezacho kumhukumu yeye. Ni yule fulani tu atakayehukumiwa.

Katika nchi za kandokando ya ziwa hilo si hadithi. Huko Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu tu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Na tuseme yuko bibi mwenye ugonjwa wa kusahau. Atoka usiku asijue ni usiku. Aingia ua wa jirani akidhani ni kwake. Akutwa amesimama kimya mlangoni, asiweze kueleza alifuata nini. Katika kijiji kisichojua jina la ugonjwa wake, watu watampa jina lingine. Kwa hiyo kumtafutia tabibu atakayesema wazi, "Mama huyu ni mgonjwa wa ubongo," si kwa ajili ya dawa tu. Pengine neno hilo, likitangazwa mbele ya majirani na mwenyekiti wa kitongoji, ndilo litakalouokoa uhai wake.

Jambo moja zaidi husahauliwa na sisi tunaojiona hatusahau. Twakaa baraza, wana na wakwe, twashauriana: apelekwe au asipelekwe? Mwenyewe ameketi pale karibu na figa, hakuna aliyemwuliza. Mwenye kusahau la jana bado aweza kupenda na kukataa la leo. Aweza kuogopa safari. Aweza pia kutamani kujua mwili wake una nini. Aulizwe, kwa lugha yake, kwa maneno machache, wakati wa asubuhi akili yake ikiwa imetulia. Akisema hataki kwenda Mwanza, neno lake liwekwe katika mizani pamoja na yetu, wala lisitupwe kwa sababu kesho hatalikumbuka. Vivyo hivyo mbele ya tabibu: mtoto asimjibie mzazi wake kila swali kana kwamba hayupo. Asimulie yale mzazi asiyoweza kuyakumbuka, yaani lini yalianza, yalizidije, dawa gani alizomeza, aliangukia wapi. Mengine amwachie mwenyewe aseme.

Je, tabibu wa pili akisema sawasawa na wa kwanza? Wengine watasema mbuzi ameliwa bure. Sisi hatuoni hivyo. Mashauri mawili yenye sababu yakipatana, moyo una haki ya kukoma kutafuta, na nguvu iliyokuwa ikienda njiani sasa yarudi nyumbani kwa kumtunza. Tena nyumba hiyo isijidhanie kuwa imelaaniwa. Uchunguzi uliofanywa vijijini katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, ukatangazwa mwaka 2013, ulionyesha ya kuwa kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, yapata 6 wana ugonjwa wa kupotewa na akili. Yaani wako katika kila mtaa, na wengi hawakupata kutajiwa jina la ugonjwa wao. Kwa mgonjwa wa namna hiyo liko la kufanya: moto ulindwe, mlango wa usiku uangaliwe, chakula na usingizi viwe na saa zake, asibishiwe wala kuchekwa akikosea, shinikizo la damu na sukari vitibiwe, tena binti amtunzaye apokewe zamu na ndugu zake, asije akachoka peke yake mpaka upendo ukageuka uchungu.

Basi jibu letu ni hili. Yafaa kumwuliza tabibu wa pili, na pengine imetupasa, iwapo wa kwanza hakupima wala hakueleza, au iwapo dalili hazipatani na neno lake. Kufanya hivyo hakumwondolei tabibu heshima, wala hakupingani na imani. Lakini twende wazi, tukiwa na barua mkononi. Tuanze na hospitali ya karibu. Tupime gharama kwa faida. Tumsikilize mgonjwa mwenyewe. Na majibu yakipatana, tukome. Mlango wa mpiga ramli usiwe wa pili, wala wa tatu, wala wa mwisho.

Nanyi walimu wa mitaa, mnaoingia nyumba nyingi kuliko tabibu ye yote, mkimwona mzee aliyefichwa chumba cha nyuma kwa aibu ya kusahau kwake, msiishie kumwombea na kutoka. Ulizeni: alipimwa wapi, na nani, na kwa kipimo gani? Ikiwa hakuna ajuaye, mwandikieni majina ya hospitali, mtafuteni wa kumsindikiza, kisha rudini juma lifuatalo mwone kama safari ilifanyika.